Chawa Wanne Katika Kofia ya Marietha

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Mtanda, Lindi.

Kichwa kinawasha tangu jana. Ni joto. Au ni sabuni mpya. Siyo chawa! Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mgombea uenyekiti wa kikundi cha wabanguaji korosho, hapati chawa.

Baadaye. Nimechana nywele juu ya sahani nyeupe. Chawa watatu. Najua walikotoka: Rutamba, wiki mbili zilizopita, nililala kitanda kimoja na watoto wa dada yangu. Mume wangu Alfonsi ameiona sahani. Amechukua mto wake akahamia kwenye mkeka wa sebuleni.

Uchaguzi ni Jumamosi. Tunagombea wawili, mimi na Marietha. Marietha anapendwa na kila mtu. Anagawa maembe. Anakwenda kuwaona wagonjwa. Mtu wa namna hiyo utamshindaje kwa haki?

Jumanne, 8 Oktoba.

Kutwa nzima mikono imejaa korosho, siwezi kujikuna. Nimejisugua kisogo kwenye nguzo. Da Bena, unaumwa? akauliza Marietha. Nikamwambia ni mazoezi ya shingo.

Duka la dawa siendi. Muuzaji ni binamu yake Marietha, na mdomo wake hauna kifuniko. Ila nimepata akili. Utomvu wa maganda ya korosho! Nguzo za banda letu tumezipaka, mchwa hawasogei. Chawa ni nani mbele ya mchwa? Watu husema unaunguza ngozi. Unaunguza wageni. Mimi nimebangua miaka kumi na moja, na mikono yangu haujaifanya lolote. Nimechanganya vijiko viwili na kikombe cha mafuta ya nazi.

Jumatano, 9 Oktoba.

Nimepaka alfajiri. Kichwa kinawaka. Vizuri, maana yake dawa inafanya kazi.

Adhuhuri. Inafanya kazi mno. Nimeosha mara tatu. Alfonsi anasema nanuka korosho iliyoungua. Nimemwambia akale kwa mama yake.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Jicho la kushoto halifunguki! Malengelenge toka paji la uso hadi kisogoni. Masikio sitaki hata kuyataja.

Zahanati. Nesi Sada, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo, kisha akauliza nimepaka nini. Nikasema shampuu ya Dar. Akanusa. Akauliza tena. Nikasema. Akanieleza, kwa adabu iliyonikera, kwamba mikono yangu imeota sugu lakini kichwani sina sugu, na kwamba sasa mwili umeshaukataa utomvu ule. Huo ndio mzio, akasema, na siku nyingine hata tone moja litanivimbisha. Akanipa vidonge na krimu. Nywele zote zinyolewe vidonda vipone, mashuka na nguo za kichwani vichemshwe. Nywele zangu za miaka minane! Nililia mbele yake wala sikujificha.

Alfonsi alininyoa uani. Na chawa? Wazima! Wanatembea juu ya mkasi! Nimeungua mimi, wao hata kizunguzungu hawana. Nilitaka kuwaponda wote, kisha nikasita. Nimeweka wanne kwenye kichupa, pamoja na nywele kidogo za kushikia.

Ijumaa, 11 Oktoba.

Nimekwenda kazini na kitenge hadi kwenye nyusi. Nimesema ni nyuki.

Kura zetu tunazipiga kwa korosho. Mgombea anatoa kofia yake ya kazini, mwanachama anatumbukiza punje moja kwenye kofia ya amtakaye, kisha punje zinamwagwa kwenye sinia jeupe na kuhesabiwa mbele ya wote. Mbele ya wote! Kofia ya Marietha inatundikwa msumari wa tatu. Jioni, wenzangu wakipima magunia nje, nikakimwaga kichupa ndani yake. Nani atamkubali mwenye chawa aongoze watu wanaoshika chakula?

Moyo unanidunda. Nadhani ni vidonge.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Sijui nianzie wapi.

Kabla ya kura Marietha akasimama. Akasema mama yake kule Likawage hawezi tena hata kuteka maji, na yeye anarudi kumuuguza. Amejitoa. Kisha akasema anaona kiti kinamfaa da Bena, maana hakuna aliyebangua miaka mingi kama da Bena. Makofi! Vigelegele! Nilikuwa mwenyekiti tayari, imebaki korosho tu.

Mzee Xaveri, mlezi wa kikundi, akaomba kofia yangu. Kofia yangu iko nyumbani kwenye kamba, Alfonsi kaichemsha na mashuka. Marietha akaenda msumari wa tatu. Akaniwekea ya kwake mapajani. Akasema niichukue, yeye hana kazi nayo tena.

Ningesema nini? Nilisema asante.

Korosho kumi na tisa, hakuna hata mmoja aliyeninyima. Mzee Xaveri akazimwaga kwenye sinia. Katikati ya korosho, chawa wawili, wanatembea polepole. Halafu Marietha, machozi yakimlengalenga, akasema kofia ni yake, basi na chawa ni wake, da Bena asilaumiwe.

Nilitakiwa kunyamaza. Kunyamaza tu! Lakini mimi nilikuwa nahesabu. Wawili kwenye sinia. Kofia ilikuwa mapajani kwangu. Kichwa changu ni kidonda kitupu. Nikaruka, nikakung'uta gauni, nikapiga kelele: mbona wawili? Mimi nilitia wanne!

Kura zikarudiwa. Mwenyekiti ni Bertha, mwenzetu ambaye hata hakugombea.

Jumatatu, 14 Oktoba.

Sikukuu, kazini hakuna. Afadhali.

Marietha ameondoka na basi la asubuhi. Jana alipita hapa. Nilijifungia chumbani, nikamsikia akimwachia Alfonsi chanuo la meno ya karibu na chupa ya dawa, akisema niitumie vidonda vikikauka. Hakutukana. Angetukana ningepumua. Nimeona haya kuliko siku zote za maisha yangu, na nimelia hadi lile jicho likajifumba tena.

Alfonsi anasema natakiwa nimwandikie Marietha barua. Nimekaa na kalamu saa nzima. Nimefikiri sana, na kwa uaminifu kabisa.

Vijiko viwili vilikuwa vingi. Kimoja kingetosha. Na kuhesabu kungefanyika kimoyomoyo.

Kichupa nimekiosha. Nasikia watoto wa dada wanakuja kutoka Rutamba Jumamosi, nao bado wanajikuna. Kofia ya Bertha iko msumari wa tano.