Ndege Weupe wa Bwawani

Jumatatu, Machi 3

Nimepata mpango. Huu sasa ndio wenyewe!

Mzee Studio amebandika karatasi mlangoni kwa studio yake ya picha. Lile pazia lake la nyuma, lenye maporomoko ya maji na nyumba inayotoa moshi, limechanika pale pale wateja wanapoegemea. Anataka jipya: picha ya kilima chetu na bwawa letu, ichapishwe kubwa, ukuta mzima. Atakayeleta picha nzuri kuliko zote kabla ya Jumamosi mchana ndiye atakayekaa kwenye kiti cha msaidizi wake.

Nimeisoma mara tatu. Nikaingia kuuliza kama msaidizi anaruhusiwa kuja na mtoto. Mzee akamchungulia Bosi mgongoni kwangu. (Bosi ni mwanangu. Miezi saba, meno mawili, anaamrisha nyumba nzima.) Akasema huyo mbona ana adabu kuliko wateja, aje tu.

Moyo ulinidunda mpaka Bosi akaamka.

Maana Jumatatu ijayo natakiwa kiwandani, kwenye mashine ya kufunga biskuti, na kule mtoto haruhusiwi hata getini. Kwa hiyo mama mkwe amekuja kumchukua Bosi akakae naye kwake, mwendo wa siku nzima kwa basi, mpaka aanze kutembea na kusema. Amekuja na begi tupu la kuwekea nguo za mtoto. Liko nyuma ya mlango, limefunguliwa zipu. Nikilipita naona kama linapiga miayo.

Si mama mbaya. Anampenda sana mjukuu wake. Ndicho kinachoniogopesha! Atampenda mpaka mtoto anisahau.

Nyumbani sijamwambia mtu. Kamera nimeazima kwa shangazi. Uzoefu ninao: nilipiga harusi ya binamu yangu. Vichwa havikutokea, lakini viatu vilitoka safi sana.

Mpinzani ni mmoja tu, Bwana Mifuko, mpiga picha wa harusi. Huvaa kizibao chenye mifuko kumi na miwili. Siku moja nilimwona akitoa yai la kuchemsha kwenye wa tano. Amenikuta mlangoni kwa Mzee akaniuliza, kwa upole kabisa, eti dada yangu, utapiga kwa kamera au kwa chupa ya maziwa?

Tutaonana, kaka.

Jumanne, Machi 4

Mpango: alfajiri. Watu wote husema mwanga mzuri ni wa asubuhi.

Nikamwambia mama mkwe nampeleka Bosi akapunge upepo. Akasema saa kumi na mbili asubuhi huo si upepo, ni mafua. Tukaenda.

Ukungu! Sikuona kilima. Sikuona bwawa. Nusura nisione viatu vyangu. Nikapiga picha arobaini. Zote ni kama mtu amefunika kamera kwa shuka.

Mara nikasikia kikohozi. Kumbe Bwana Mifuko yuko hatua tano tu kutoka kwangu, na mwavuli wake, na ile stendi yake ya miguu mitatu. Akanifundisha bila kuombwa. Kwamba picha ya mandhari ni subira. Kwamba ukungu utafunguka saa moja na dakika ishirini, kwa muda mfupi mno, na asiyekuwa tayari asilaumu mtu.

Nikawa tayari. Saa moja na dakika kumi na tisa Bosi akataka kunyonya. Si kuomba. Kutaka! Nikakaa juu ya jiwe, nikampa mgongo Bwana Mifuko kwa heshima, nikanyonyesha. Nyuma yangu nikasikia kacha, kacha, kacha.

Nilipogeuka, ukungu umeshajifunga kama mlango wa ofisi saa ya chakula.

Baba Bosi alipotoka karakanani kwake anakochomelea mageti, aliniuliza mbona nimenuna. Nikasema ni jino.

Jumatano, Machi 5

Mpango wa leo ni wa akili zaidi: kumwondoa Bwana Mifuko.

Nilimkuta mchana sehemu ile nzuri, juu kidogo ya maji, ambapo unaona kilima chote na mkia wa bwawa. Nikamsalimia vizuri. Nikamwambia, kama mtu anayetoa siri, kwamba wenyeji wote wanajua upande wa machimbo ya mawe ndio wenye mwanga jioni. Uongo mtupu. Upande wa machimbo hakuna kitu ila vumbi na mbuzi.

Akanitazama. Akanishukuru. Akakunja stendi akaenda. Nilijisikia vibaya kwa dakika nzima, kisha nikakaa pale pale alipokuwa amekaa. Hata jiwe lilikuwa bado lina joto lake.

Saa kumi likaja wingu. Moja tu. Lilizunguka mji mzima kama linatafuta nyumba ya mtu, likaniona mimi. Mvua! Nikaificha kamera ndani ya nguo, nikamfunika Bosi kwa kanga, nikajificha chini ya kichaka ambacho kilikuwa kinavuja kuliko nje.

Na upande wa machimbo? Jua! Jua la dhahabu, linamwagika, mbuzi wanang'aa kama wamepakwa mafuta. Katikati yao namwona Bwana Mifuko, anapiga picha huku anacheka peke yake. Jioni tulikutana njiani. Akanishukuru tena. Akaniambia nina roho nzuri, si kama watu wengine.

Nilipofika nyumbani, mama mkwe alitazama maji yanayonidondoka akasema mwanangu, huo upepo unaompungisha mtoto una mabomba?

Alhamisi, Machi 6

Nina haraka, lakini lazima niandike. Nimeipata! Nadhani.

Siku tatu za ukungu na mvua, uani hakukauki kitu, na Bosi ana nepi tisa tu. Zote mbichi. Ndizo alizozishona mama mkwe kwa mkono wake, vitambaa vyeupe vizito, kila moja ina sungura wa njano aliyedariziwa kwenye pembe. Nikapata kisingizio safi kabisa. Nikamwambia mama mkwe bwawani kuna upepo wa kutosha, naenda kuanika kule. Akakubali. Akazihesabu mbele yangu, tisa, na pini tisa.

Nikazitandaza kwenye vichaka karibu na maji. Bwana Mifuko hakuwepo. Nikakaa kusubiri mwanga.

Ule mwanga una dharau. Nikiinua kamera, jua linaingia ndani. Nikishusha, linatoka. Nikijifanya natazama kwingine, linanichungulia. Saa nzima tulicheza hivyo. Yakaja manyunyu, yakaondoka. Ukaja upinde wa mvua, nikauona mzuri mno, nikasahau kupiga. Umeondoka nimeshika kamera mkononi kama mtu aliyeshika sahani kwenye sherehe ya wengine.

Nikaanza kulia. Siyo sana. Niliwaza lile begi nyuma ya mlango.

Halafu ghafla upepo. Upepo wa kweli! Wingu likapasuka katikati, mwanga ukashuka mkondo mmoja juu ya kilima, kilima kikawa kijani cha kuumiza macho, na nyuma yake mbingu nyeusi tititi. Bwawa likang'aa kama bati jipya. Nikainua kamera, Bosi akavuta mkanda wake, kidole changu kikabonyeza. Kacha! Mara moja. Betri ikafa.

Ndipo nikaona nepi zinaruka. Zote. Juu ya maji, zimekunjua pembe.

Nimekimbia ufukwe mzima na mtoto mgongoni. Nimezipata nane. Bosi alicheka njia nzima.

Ijumaa, Machi 7

Nimempelekea Mzee Studio kadi ya kamera. Bwana Mifuko alikuwepo na picha zake ishirini na nne kwenye bahasha.

Mzee alianza na za Bwana Mifuko. Akasema ni safi, hazina kasoro, lakini bwawa linaonekana kama limekuja kupigwa picha ya paspoti. Bwana Mifuko akafunga vifungo vya mifuko miwili.

Kisha akafungua yangu kwenye kompyuta. Akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena. Akasogeza pua mpaka ikagusa kioo. Halafu akauliza hawa ndege weupe wanaoruka juu ya maji wametoka wapi, maana yeye amezaliwa hapa na hajawahi kuwaona.

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Naapa nilifungua kwa ajili hiyo. Mdomo ukasema: huwa wanakuja baada ya mvua.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akauliza wanakaa sana? Nikasema hapana, wana haya. Bwana Mifuko akauliza wanakula nini. Nikasema sijawahi kuwauliza.

Bwana Mifuko akaondoka mbio kwenda bwawani. Mzee akasema atachapisha picha yangu kubwa leo hii, ya ukuta mzima, na kesho mchana atatoa jibu lake.

Ya ukuta mzima! Nimefika nusu ya njia ndipo nikaelewa. Kwenye kompyuta wale ni ndege wadogo kama punje za mchele. Kwenye ukuta, kila mmoja atakuwa mkubwa kama mto wa kulalia.

Mama mkwe amehesabu nepi. Nane. Nikasema ya tisa imebaki bwawani. Sikudanganya. Anaanza kukunja nguo za Bosi, ananiuliza sweta lipi analipenda. Nikaonyesha la bluu.

Jumamosi, Machi 8

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Nilifika saa sita kasoro. Picha imeshatundikwa. Kwa kweli ni nzuri! Mwanga unashuka kama mtu amefungua paa. Kilima utadhani unaweza kukigusa. Na juu ya maji, ndege tisa wakubwa weupe, kila mmoja na sungura wa njano kwenye bawa. Wa tatu kutoka kushoto ana pini. Wa tano ana doa ambalo halikutoka hata kwa sabuni ya unga.

Nikasimama mbele ya wa tano, nikatanua mabega.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Mifuko. Matope mpaka magotini, macho mekundu kwa kusubiri ndege tangu asubuhi. Akaingiza mkono mfuko wa nane, akatoa nepi ya tisa, imelowa, akaiinua mbele ya wateja wote waliokuwa kwenye foleni. Akasema ndege huyu hapa, nimemkuta kwenye matete, anyongwe au aachiwe?

Watu wakaangua vicheko. Na nyuma yake, nani? Mama mkwe! Alikuwa anakwenda bwawani kuitafuta nepi yake, akaiona inapita barabarani, pembe yake ikining'inia mfukoni mwa mwanamume, akaifuata. Akatazama nepi. Akatazama ukuta. Akasema, kwa sauti ya kanisa zima, jamani, huyu si sungura wangu?

Nikamwaga yote. Sikuchagua maneno. Kwamba ni nepi. Kwamba nilidanganya kuhusu ndege, na machimbo, na upepo, na jino. Kwamba kiwandani haruhusiwi mtoto, na hapa anaruhusiwa, na mimi sikutaka kingine chochote. Kwamba naomba radhi, naichukua picha yangu naondoka. Bosi akanipiga kofi la shavuni, sijui kwa nini.

Mzee Studio akasema nikae kwanza. Akasema yeye amelea watoto sita, wawili pacha, na mkewe alikuwa mgonjwa. Nepi ameanika kwa mikono yake mpaka akaota nazo. Alizitambua jana sekunde ile ile. Alitaka tu kuona nitaendelea mpaka wapi. Akasema nepi zitafunikwa na mabega ya wateja, hilo halimsumbui. Ule mwanga ndio ameutafuta miaka thelathini.

Kiti ni changu. Sharti moja: nisimdanganye mteja kamwe. Nikaapa kwa mikono yote miwili.

Bwana Mifuko alikaa kwenye stuli akavua viatu. Nikamwomba msamaha wa machimbo. Akasema machimbo hayana shida, picha ya mbuzi imeshapata mnunuzi. Ila ndege hatanisamehe mapema.

Njiani mama mkwe alitembea mbele yangu mpaka tulipofika mlangoni. Nikadhani nimemuumiza. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuanza. Akaniambia polepole, kama na yeye anaungama, kwamba wiki nzima alikuwa anajiuliza magoti yake yatamkimbizaje mtoto anayetambaa hivi. Alishindwa kusema, asije akaonekana bibi asiyempenda mjukuu. Tulitazamana. Tukaanza kucheka, tukashikana tusianguke.

Akatoa sweta la bluu kwenye begi. Akafunga zipu. Nilipumua mpaka kwenye nyayo.

Baba Bosi alipoambiwa yote aliuliza jambo moja tu: jino limepona?

Jumatatu, Machi 10

Siku ya kwanza kazini. Bosi yuko kwenye kikapu chini ya meza, mahali mguu wangu unapofika kumbembeleza. Nimejifunza kukata picha za paspoti. Nimemwambia mteja ukweli kwamba amefumba macho. Nimemwambia mwingine ukweli kwamba kola imekaa vibaya. Ukweli ni kitu kizuri sana! Mtu analala vizuri.

Saa tano akaingia mwalimu mkuu. Anataka picha ya shule yake kutoka juu kabisa, kama anavyoona ndege, ikae kwenye kalenda. Mzee alikuwa chumba cha nyuma. Mwalimu akauliza kama tunaweza. Nikasema hiyo ndiyo kazi yetu. Akauliza kama mimi mwenyewe nimewahi kupiga za namna hiyo.

Nikasema mara nyingi mno, mwalimu, hata nimezichoka.

Ni keshokutwa. Shule ina tangi la maji lenye ngazi ya chuma, refu kuliko ghorofa mbili. Mimi nikipanda stuli ya kubadilishia balbu kichwa kinazunguka. Lakini nimelifikiria nikimnyonyesha Bosi, na nimeona njia. Nitapanda nimefumba macho. Mtu akifumba macho, atajuaje kama yuko juu?