Wiki ya Sayansi ya Jamii na Mabibi wa Nyuma ya Chuo

Jumatatu, 7 Julai
Balaa limeanza rasmi. Domla Hamrokul (domla kwetu ni mwalimu), mkuu wa idara yetu, ameamua wanafunzi wa sekondari waonjeshwe sayansi ya jamii kama inavyofundishwa chuo kikuu. Kazi ya kuwakusanya kanipa mimi, karani niliye kwenye majaribio. Ijumaa Naibu Mkuu wa Chuo anakuja kukagua. Domla alisema kwa upole kabisa: ukumbi ukiwa mtupu, mkataba nisiuulizie.

Walikuja wengi! Domla akatumia asubuhi nzima kueleza maana ya neno "jamii", akaahidi kumalizia kesho. Mmoja akauliza kama hiyo inatoka kwenye mtihani wa kujiunga na chuo. Haitoki. Baada ya chai nusu yao walikuwa ng'ambo ya korido, kwenye kambi ya hesabu ya karani mwenzangu, Dada Lobar. Ana kiyoyozi.

Jumanne, 8 Julai
Nimeziba korido kwa meza na tangazo: UKARABATI. Dada Lobar akapaza sauti upande wa pili: "Ilhom mdogo wangu, unakarabati nini wewe? Hata msumari hujawahi kushika!" Wanafunzi wakacheka, wakapita chini ya meza. Aliyekwama ni Domla peke yake, kwa sababu ya kitambi. Nimeomba radhi mpaka sauti imekauka.

Jumatano, 9 Julai
Mpango wa uhakika. Utafiti wa nyanjani! Aliye nje hawezi kutorokea kwenye kiyoyozi. Nimewatuma mtaa wa nyuma ya chuo, waulize swali moja tu: hapa nyumbani nani mwenye kauli ya mwisho? Warudi kabla ya adhuhuri.

Adhuhuri ikapita. Hakuna hata mmoja! Nikawafuata. Nyumba ya kwanza, Bibi Oysuluv alikuwa amelikalisha kundi zima chini ya mizabibu. Mikate imeshamegwa, chai inamiminwa, na pilau ndiyo kwanza inatiwa karoti. Nikasema tuna haraka. "Haraka ya nini? Kwani umekuja kusoma mita ya umeme? Keti, mwanangu." Nikaketi. Akataka kujua mimi mtoto wa nani, nalipwa ngapi, mbona sijaoa. Nilijibu yote. Swali letu halikupata nafasi.

Alhamisi, 10 Julai
Ukumbi mtupu! Wameenda mtaani moja kwa moja, na wale wa hesabu wamewafuata. Dada Lobar kaja kunifokea, eti nimemwibia watoto. Nilifurahi mpaka nilipokumbuka kwamba Naibu anakuja kuona ukumbi, si mtaa.

Nikaenda kuwasihi akina bibi: kesho msiwakaribishe, tafadhali. Bibi Oysuluv akaweka bakuli chini. "Yaani mgeni afike mlangoni kwangu nimfukuze? Mama yako anajua unasema maneno haya?" Ili kupoza mambo nikasema lile analosema kila anayeaga: nanyi mtukaribie siku moja. Kila mtu anajua hiyo ni adabu tu. Hakuna anayekuja.

Bibi akasema: "Haya. Kesho."

Ijumaa, 11 Julai
Wamekuja! Mabibi wa mtaa mzima, na wanafunzi nyuma yao wamebeba masufuria. Wakashika viti vya mbele, wakampakulia kila mtu sahani ya pilau, Naibu wa kwanza. Naibu akaanza hotuba kuhusu umuhimu wa kuisikiliza jamii. Bibi Oysuluv akamkatiza: mbona amekonda hivyo, kwani mke yuko wapi? Naibu akajibu kwamba mke amerudi kwao. Ukumbi ukaguna. Kalamu zikakimbia.

Msichana mmoja akaona mwanya: "Sasa mheshimiwa, nyumbani kwako nani mwenye kauli ya mwisho?" Naibu akaitazama sahani yake. Akasema siku hizi ni yeye, kwa kuwa hakuna mwingine. Wakamwongezea nyama.

Hotuba haikuendelea. Mkataba sikupewa, wala sikufukuzwa: majaribio yameongezwa hadi vuli, tutakaporudia wiki hii. Domla ameonya kwamba likionekana tena sufuria moja ukumbini, nifungashe virago.

Jumamosi, 12 Julai
Nimelichambua kosa kwa utulivu. Kosa ni nyumba. Nyumba ina mwenyeji, na mwenyeji hamwachi mtu. Vuli nitawapeleka sokoni, kwenye halua na matunda makavu. Kule watu wanafanya biashara tu.

Kwa kuwa mimi ni mtu makini, leo nimekwenda kuhakikisha. Kila muuzaji alinishika mkono nionje: zabibu, lozi, halua, tikiti, halua tena. Nikikataa wananuna. Nimerudi nimelegeza mkanda, hata kuinama nivue viatu siwezi.

Lakini hakuna aliyesema karibu. Mpango uko salama kabisa.