Mfalme Avaa Aproni

Kasmir aliingia hotelini kwa Mangi, mtaa wa Gerezani, gazeti kalinyanyua juu. Ndiyo maana walimwita Redio: habari kwanza, salamu baadaye.

"Sikieni! Chama cha wenye hoteli kimeamua. Kuanzia leo, mteja ni mfalme!"

Gaudens, huyo Mangi mwenyewe, alitaka kulia. Habari alikuwa nayo tangu jana. Kamati ya chama ilikuwa inakuja mchana huohuo, na yeyote ambaye angekutwa na uchafu angefutwa uanachama, na mgao wa sukari unaopitia chamani angeusikia kwa jirani. Hoteli ya chai bila sukari! Na mhudumu wake pekee, Anaeli, alikuwa kwao Machame kuchuma kahawa. Vyombo vilijaa jikoni hadi dirishani.

"Mfalme?" Zamzam muuza vitumbua akagonga meza. Walimwita Hakimu, kwa kuwa kesi zote alizimaliza yeye. "Machifu tumewaondoa, leo chama kinaturudishia ufalme kwa mlango wa jikoni?"

"Ubwanyenye huo!" Redio akageuka papo hapo. "Mimi kabwela. Siutaki!"

"Mimi nautaka," akasema Tulsidas wa duka la vitambaa, maarufu kama Mita. "Nipeni hata mpaka saa nane tu."

"Mfalme gani wewe?" Redio akamdakia. "Mkeo Kusum akikuita dukani unaacha kikombe kinafuka moshi!"

Wote wakaangua kicheko. Mangi peke yake hakucheka.

"Hakimu," akauliza kwa upole, "basi mteja ni nani?"

"Ndugu! Mtu wa nyumbani."

"Si mgeni?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuko hapa mwaka wa ngapi?"

Mangi akaingia jikoni mbio, akatoka na beseni la vikombe, ufagio na aproni ya Anaeli.

"Majembe yenu haya."

"Mangi, mimi nilikuwa nachangia mada tu," Redio akasema, jicho mlangoni.

"Kamati inakuja. Nikifutwa, kesho mnakunywa chai chungu kama shubiri."

Zamzam akajifunga khanga kiunoni, Redio akashika dodoki, na Mita akavaa aproni, akafagia huku akilalamika kwa Kigujarati.

Kamati ikaingia sakafu ikiwa bado mbichi.

"Wahudumu watatu! Safi sana," akasema mwenyekiti. Kisha akakunja uso. "Lakini mbona sioni mteja? Mfalme yuko wapi?"

Moyo wa Mangi ukamshuka hadi kwenye kandambili. Mita akavuta kiti, akakipangusa kwa aproni.

"Karibu, ndugu mwenyekiti. Mfalme leo wewe. Kesho pia wewe. Keshokutwa, beseni lile pale."

Mwenyekiti alicheka hadi chai aliyoletewa ikampalia, na mgao wa Mangi ukapita. Kesho yake akarudi, akanywa vikombe viwili na kusifu sana.

Siku ya tatu hakuonekana.