Joto la Chumba cha Nani?

Kwenye benchi la Paskalina, pale Makambako barabara ya kwenda Njombe inapoanzia, habari haiwi habari mpaka Patrick aisome kwenye simu na watu watatu waipinge. Ndiyo maana wanamwita Gugo. Asubuhi ile ya Julai, baridi imewakaba watu mpaka salamu zinatoka na moshi, Gugo alivuta kofia yake ya sufu ikafunika masikio, akakohoa mara mbili, akaanza kusoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

"'Aina kumi za mvinyo wa kikanda za kujaribu msimu huu wa baridi.' Tulieni, hii inatuhusu."

"Inatuhusu kwa lipi?" akauliza Mika, dereva wa lori ambaye jina lake la pale ni Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. "Baridi tunayo. Huo mvinyo je, uko wapi?"

"Namba moja, bonde moja huko Ufaransa. 'Una harufu ya ngozi, tumbaku, na majani yaliyolowa.'"

"Ngozi?"

"Ndivyo walivyoandika. Ngozi."

"Huyo kakamulia ndani ya koti la babu yake! Namba mbili?"

"Ureno. 'Unafaa ukiwa umejifunika blanketi mbele ya moto huku ukitazama theluji.'"

"Blanketi ninalo," akasema Paskalina huku akimimina chai ya tangawizi. "Moto huu hapa. Theluji nendeni mkaazime."

Benchi zima likacheka, isipokuwa Rabson. Na Rabson asipocheka ujue kuna jambo, maana yule ni mtu wa kucheka hata msibani kisha akajifanya amepaliwa. Wanamwita Balozi, kwa kuwa nusu ya ndoa za mtaa ule yeye ndiye aliyekuwa mshenga. Leo alikuwa amevaa suti, suti kweli, na juu yake sweta, na juu ya sweta koti la mvua. Kwapani alikuwa amebana kitu kilichofungwa kitenge, amekishika utadhani kichanga.

"Balozi, mbona umepoa?" Breki akamgeukia. "Leo si ndiyo siku?"

"Ndiyo siku. Saa tatu kamili."

"Mara ya tatu kwa Mzee Linus!"

"Usinihesabie, Mika. Sijasahau."

Angesahau vipi? Mara mbili Balozi alikwenda kwa Mzee Linus kumposea mpwa wake Denis, na mara mbili alirudishwa mikono mitupu. Denis na Irine, binti wa mzee, walikuwa wameshapendana kiasi cha kumaliza bando. Kilichobaki ni mzee. Na mzee alikuwa ametuma neno safari hii: "Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Wakirudi na upuuzi mwingine, wasirudi." Balozi hakulala. Denis analia kwenye simu kila jioni, na mtaani watoto wameshaanza kumwita Balozi wa Kurudishwa.

"Hebu tukumbushe," akasema Gugo kwa uchokozi. "Mara ya kwanza ulipeleka nini?"

"Kreti la soda."

"Kwa mtu aliyetunza stoo ya divai ya mapadre wa misheni miaka ishirini na sita! Soda!"

"Nilijua amestaafu."

"Na mara ya pili?"

Paskalina akamjibia Balozi, kwa raha zake. "Mara ya pili alipeleka chupa ya dukani yenye picha ya jumba kubwa, lina minara. Mzee akavaa miwani, akaliangalia weee, akauliza, 'Nyumba hii ni ya huyo Denis?' Balozi akasema hapana. Mzee akamwambia, 'Basi mwambie mwenye nyumba aje kuposa mwenyewe.'"

Breki alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Chekeni tu," akasema Balozi. "Mzee kasema anataka kinywaji kilichoivia hukuhuku kwetu, na nijue kimeivaje."

"Ungepeleka ulanzi ukamaliza kesi," akashauri Gugo.

"Ulanzi Julai? Mianzi imefunga ofisi mpaka mvua. Wewe uliwahi kuona mwanzi unatoa ulanzi kiangazi?"

"Basi mwekundu wa Dodoma," Breki akajipiga gotini. "Mimi napita pale, naujua. Ukinywa kikombe kimoja Makambako, unasahau kama una miguu."

"Hukuhuku kwetu, kasema! Dodoma ni kwetu?"

"Kama bunge ni letu, zabibu zake ni za nani?"

"Wote mmepotea," akaingilia Paskalina. "Baridi hii ni ya rosela. Mwekundu, mchachu, unapita kifuani unasafisha. Mwaka jana ndio ulionitoa kikohozi."

"Huo sio mvinyo, Paskalina, hiyo ni dawa ya kifua," akasema Breki.

"Na wewe unayekunywa dawa ya kifua bila kikohozi tukuite nani?"

"Jamani, namba tatu hapa wanasema mvinyo mweupe unywewe mtu akitazama maua," akasema Gugo. "Wageni si tungewapeleka Kitulo?"

"Julai? Maua ya Kitulo yako likizo, Gugo! Watatazama nyasi na kuomba koti."

Hapo Balozi alifungua kitenge taratibu. Ndani mlikuwa na chupa kubwa ya kioo isiyo na nembo wala jumba, imejaa kitu chekundu kilichokolea hadi weusi. Mdomoni ilikuwa imezibwa kwa gunzi la mahindi lililokaziwa barabara, na juu ya gunzi mpira wa tyubu umezungushwa mara nne.

"Mvinyo wa matunda ya plamsi," akasema. "Wa Telesia, yule mama mtengeneza mvinyo wa Matamba. Ulifika Njombe jana jioni, leo nimeupokea kwenye basi la kwanza, ile Kosta ya alfajiri."

Watu walisogea. Hata Gugo aliweka simu chini, jambo ambalo si la kila mwezi.

"Umeiva huo?"

"Telesia kasema umenyamaza. Mwezi wa tano ulikuwa unachemka usiku kucha kama sufuria. Baridi ilipoingia ukapunguza, ukapunguza, sasa wiki ya tatu hautoi hata povu moja. Kimya. Akaufunga."

"Kimya ni dalili ya ukomavu," akasema Gugo kwa hekima aliyoipata sekunde ile ile.

"Basi wewe hutakomaa maisha," Paskalina akamrudisha. "Hebu niiguse. Yesu wangu! Balozi, chupa ni barafu. Baba mkwe utampa kitu kimgande kooni?"

Gugo akarukia simu yake. "Wamesema hapa! Sikilizeni. 'Mvinyo mwekundu usinywewe ukiwa wa baridi. Uachwe kwanza ufikie joto la chumba.'"

Wakatazamana.

"Joto la chumba cha nani?" akauliza Paskalina.

"Hawajataja."

"Maana chumbani kwangu leo mafuta ya kula yameganda, nimeyakata kwa kisu. Ukiufikisha joto la chumba changu utautafuna."

"Wanasema vyumba vya kwao," akaeleza Breki. "Mzungu mmoja alinihadithia, nyumba zao zina moto ndani ya ukuta. Chumba chote kinapashwa. Hata choo."

"Hata choo?" Balozi akasahau posa kidogo.

"Hata choo, ndugu yangu mnyalukolo. Mtu anaingia, hataki kutoka."

"Nyuzi kumi na nane," Gugo akasoma. "Ndilo joto la chumba."

"Na sisi hapa tuna ngapi?"

"Simu inasema saba."

"Tumepungukiwa kumi na moja," akasema Breki. "Tutazitoa wapi?"

Macho yote yalikwenda mahali pamoja. Yalikwenda kwenye jiko la mkaa la Paskalina, linalowaka tangu alfajiri, likiwa limezungukwa na soksi za Breki, mkate wa Gugo na miguu ya kila mtu. Ndivyo tulivyo watu wa huku, kitu kikitutatiza tunakisogeza jikoni. Kiatu kikilowa, jikoni. Simu ikigoma kuwaka, jikoni. Na mkwe akiwa mgumu, sasa, jikoni.

Balozi alisita. Moyoni kitu kilimwambia Telesia hakutaja jiko hata mara moja. Lakini alimfikiria Mzee Linus akinywa barafu, akaona kurudishwa kwa tatu kunamjia mzima mzima. Akaweka chupa kwenye tofali kando ya moto.

"Huu mpira utoe," Breki akasema. "Mkwe hapelekewi chupa iliyofungwa kama gurudumu." Akautoa mwenyewe. Paskalina akaleta utepe mwekundu uliobaki Krismasi, akafunga fundo la madaha. Chupa ikapendeza. Balozi akaanza kufanya mazoezi ya hotuba yake, "Baba, tumepita hapa tukaona ua," na Breki akamkatiza kwamba ua limeshasemwa na kila mshenga tangu ukoloni, aseme parachichi, ndilo zao la biashara. Gugo akapendekeza msonobari. Wakabishana. Parachichi huiva na kuoza, msonobari hungoja miaka kumi na tano, je, binti asifiwe kwa lipi? Walibishana mpaka chai ya tatu.

"Oneni," akasema Paskalina. "Chupa inatoa povu."

Kweli. Vipovu vidogo vilikuwa vinapanda shingoni, mbio mbio, na gunzi lilikuwa linaimba kwa sauti nyembamba, fsss.

"Umefikia joto la chumba," akatangaza Gugo.

"Na ule wa Wafaransa wa harusini hutoa povu hivyohivyo," Breki akaongeza. "Huo ndio ubora wenyewe. Balozi, umepita!"

"Kamwene," ikasalimu sauti nyuma yao.

Balozi aligeuka. Alikuwa Mzee Linus, kofia ya pama kichwani, na lile koti lake la sufu la kijivu, zawadi ya padre aliyerudi Italia, koti ambalo mtaa mzima unajua halivaliwi ila Pasaka na siku za mambo mazito.

"Shikamoo, mzee," wakaitika wote, Breki akificha soksi.

"Marahaba. Rabson, tulisema saa tatu. Sasa ni saa nne kasoro. Maji ya chai nimeyachemsha mara mbili. Nikasema labda mgeni wangu amekufa kwa baridi, nije niuokote mwili."

"Baba, samahani, baba, tulikuwa kwenye maandalizi."

Balozi hakuwa na ujanja mwingine. Akaichukua chupa kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka, akapiga goti moja kwenye vumbi la baridi na suti yake, akaiinua mbele ya mzee. "Baba, tumepita tukaona parachichi..."

PUU!

Gunzi lilitoka na utepe wake, likapiga kofia ya pama, kofia ikaenda kutua kwenye sufuria ya maandazi. Nyuma ya gunzi ukaja mvinyo wenyewe, nusu chupa, kwa hasira ya wiki tatu za kunyamazishwa. Ulimwosha Mzee Linus kuanzia nyusi hadi kifungo cha mwisho cha koti.

Balozi alibaki amepiga goti, povu la chupa likimtiririka viganjani, akitamani ardhi ya Makambako ifunguke japo kidogo, wala si lazima yote. Alikuwa anamwona Denis. Atamwambia nini yule mtoto?

Mzee alifuta jicho moja. Akalamba mdomo. Akalamba tena, polepole, akitazama juu.

"Plamsi," akasema. "Ya milimani. Matamba?"

"Ma... Matamba, baba."

"Nani aliyeufunga?"

Balozi angeweza kudanganya. Wenzake wote walimwombea adanganye. "Telesia aliufunga, baba, uliponyamaza. Kuupeleka jikoni ni mimi. Tulisoma ufikie joto la chumba."

"Chumba gani?"

"Hapo ndipo tulipokwama, baba."

Mzee Linus alikaa kwenye benchi. Mabega yakaanza kutikisika, na Paskalina alikuwa wa kwanza kugundua kwamba yule mzee anacheka.

"Haujaiva," akasema alipopata pumzi. "Baridi imeulaza tu. Mkaona umelala mkasema umekomaa, mkauziba mdomo, halafu mkauamsha. Ulitaka ufanye nini? Mwambieni huyo mama afungue chupa zote leo hii, kabla hazijamvunjia nyumba. Mvinyo aurudishe pipani, aufunike shuka, uachwe upumue mpaka joto lirudi."

Akanyoosha mkono, akaichukua chupa, akanywa funda moja la kilichobaki. Akaifikiria.

"Utakuja kuwa mzuri," akasema.

"Kwa hiyo, baba..." Balozi akauliza. "Posa umeikataa?"

"Chupa nimeikataa. Mtu sijamwona bado nimkatae. Mara tatu mnaniletea vinywaji, mwenyewe mnamficha. Naye mmemweka jikoni?"

Akasimama. Akalikagua koti lake la padre, jekundu sasa mbele yote, likinuka plamsi kuliko Matamba yenyewe.

"Koti hili atalifua Irine. Huyo Denis aje amtekee maji. Na kwa baridi hii koti la sufu halikauki chini ya siku nne, kwa hiyo aje kila asubuhi alianike, kila jioni alianue, mpaka likauke nione mwenyewe limekauka. Mengine tutaongea hapo." Akatoa kofia yake kwenye maandazi, akaondoka bila kuaga.

Benchi zima likamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

"Balozi," Breki akanong'ona, "hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

Balozi alikuwa ameshapiga simu, machozi na plamsi vimechanganyika mashavuni.

"Denis? Acha kulia, nisikilize. Chukua ndoo mbili. Na njiani umwombe Mungu jua lisiwake."