Kuonja kwa Kipofu

Katika kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kulikuwa na ulimi mmoja tu wenye diploma, nao ulikuwa kinywani mwa Hubert. Ndivyo alivyosema mwenyewe, wala hakungoja kuulizwa!

Alidai kwamba kule Bukavu alikuwa mkuu wa baa ya hoteli kubwa, na kwamba wazungu walikuwa hawamezi kitu mpaka yeye ameonja kwanza. Mkewe Mathilde aliyasikia hayo kwa miaka kumi na mmoja. Maharagwe yake yalionjwa. Chai yake ilionjwa. Hata maji ya bombani yalionjwa, na Hubert akatangaza kwamba bomba la karibu na soko lina "utamu wa nyuma"! Mathilde alimwomba Mungu jambo moja tu: mume apate kazi, atoke jikoni mwake.

Basi kazi ikatokea. Madame Gabriella, mwenye mgahawa kule Kawale, Lilongwe, alikuwa amechoka kuuziwa vodka za bandia. Alitaka mtu wa kuonja kila chupa kabla haijapanda kwenye rafu. Hubert aliposikia, nusura apae.

"Mwambie akuye kwangu dimanche, saa tisa," alimwagiza rafiki yake Lucien, fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa na namba ya Madame. "Nitamufanyia dégustation à l'aveugle! Kuonja kwa kipofu! Bantu banafungwa macho, banaonja, banasema hii ni gani. Kama Paris!"

Lucien alikuwa na msumari mdomoni na kiatu mkononi, kwa hiyo sikio lilifanya kazi nusu. Jioni hiyo akapiga simu: "Madame, dimanche saa tisa kuko kuonja. Kwa kipofu."

Hubert akajiandaa kama mtu anayeoa mara ya pili. Suruali yake ya harusi ilikwenda kwa muuza mitumba, vikarudi vichupa vitatu vya vodka. Cha kwanza kilikuwa na picha ya dubu. Cha pili kilikuwa na picha ya mfalme. Cha tatu kilikuwa cha plastiki, hakina picha yoyote, kina onyo tu. Kitambaa cha kufungia macho kilikuwa kilemba cha Mathilde cha kwaya.

"Kilemba kya kwaya, Baba Arlette? Kufungia walevi?"

"Mama Arlette, we unataka kazi ama unataka kilemba?"

Mathilde alitaka kazi. Akakitoa.

Jumapili saa tisa ikafika, Madame hakufika. Saa tisa na nusu, kimya. Hubert hakuweza kukaa. Akatoka kwenda kusimama barabarani, huku nyuma akiwaacha Lucien na jirani yao Ndagijimana, muuza nyanya, waliokuja kushuhudia, mbele ya vichupa vitatu.

"Jua iko kali," alisema Ndagijimana kwa huruma. "Maziwa inaharibika. Dawa inaharibika. Hii nayo?"

"Tuangalie tu kama haiyaharibika," alisema Lucien.

Wakamwangalia dubu mpaka akaisha. Mfalme alipobaki mpweke, wakampindua naye. Mathilde alipotoka jikoni alikuta chupa mbili tupu na wanaume wawili wanaotazama dari kama wakaguzi wa mabati.

"Mungu wangu! Mmefanya nini?"

Kabla hawajajibu, Hubert akaingia mbio. "Amefika! Amefika!"

Na kweli, Madame Gabriella akaingia, amemshika mkono mzee Melchior, mpiga ngoma wa kanisani, kipofu tangu ujana wake. Kumbe Madame alipofika Dzaleka alimwambia mwendesha kabaza ampakie kwenye baiskeli yake mpaka kwa kipofu. Nani asiyejua kwa kipofu? Alipelekwa moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Melchior, akakaa pale nusu saa akila viazi vitamu na kungoja vodka.

"Nilimuuliza, Madame, unangoja nini?" alieleza Melchior. "Akasema, dégustation. Nikasema, neno kubwa bile, ni kwa Hubert tu!"

Madame akacheka. Hubert akacheka kwa nusu ya mdomo, akajifunga kilemba, akaketi. Mathilde akabaki na chupa moja, vikombe vitatu na ile kazi ya Kawale. Akafanya alichoweza: akaingia jikoni, mbali na macho ya Madame, akamimina ya plastiki katika vikombe vyote vitatu, akavileta.

Hubert akaonja cha kwanza. "Aaah! Dubu! Nasikia baridi, nasikia ngano ya Ulaya!"

Akaonja cha pili. "Mfalme! Inateremuka polepole, inaomba ruhusa!"

Akaonja cha tatu, akatema. "Ptuu! Hii njo ya plastiki! Hata kuosha nayo kidonda ni kutukana kidonda!"

Madame akapiga makofi. Mathilde akashusha pumzi. Kwa dakika moja jiko likawa lake peke yake, na alifurahi kweli.

"Papa Melchior naye aonje," alisema Madame. "Nimekula viazi yake."

Melchior akakataa kilemba. "Mi yangu Mungu alishafunga." Akaonja cha kwanza. Akaonja cha pili. Akaonja cha tatu, akageukia upande wa Mathilde kwa adabu zote.

"Mama Arlette, samahani. Mbona unanipa ile ile mara tatu? Na hiki kikombe cha mwisho, jana kilipakuliwa maharagwe."

"Uongo!" Hubert akakivua kilemba kwa hasira. Akamwona dubu, mtupu. Akamwona mfalme, mtupu. Lucien akapiga kwikwi.

Madame alimwajiri Melchior pale pale, siku mbili kwa wiki. Lakini mzee angefikaje Kawale peke yake? Alihitaji mtu wa kumshika mkono mpaka kwenye minibasi na kumvusha barabara. Mathilde alikuwa wa kwanza kujibu: "Baba Arlette iko na nafasi!"

Sala yake ikajibiwa, japo kwa siku mbili tu kwa wiki. Na siku hizi ukifika Dzaleka ukaomba kupelekwa kwa kipofu, mwendesha kabaza hakanyagi pedali kabla hajauliza:

"Yupi? Mwenye ulimi, ama mwenye macho?"