Karatasi Kuukuu Zimeniponza kwa Mama Mkwe

Nimejiaibisha leo, wandugu, na hapa Kigera sina pa kujificha.

Kuna mpiga picha mwenzangu alikuwaga na studio kule Bunda. Kanipa boksi la karatasi za kusafishia picha, zile za nyeusi na nyeupe, zimekaa stoo miaka na miaka. "Chukua tu, ila zimeshakufa hizo." Mke wangu, Mama Neema, akaongeza: "Washia jiko." Nikabisha. (Kubisha ni kipaji changu.)

Asubuhi nikageuza bafu kuwa chumba cha giza. Blanketi dirishani, taa nyekundu, mabeseni ya dawa sakafuni. Nilikuwa na negativu ya marehemu baba mkwe enzi za ujana. Mama mkwe hana picha yake hata moja, na jioni alikuwa anakuja kutoka Butiama.

Joto humo ndani! Nikavua shati. Nikavua suruali. Nikabaki na boksa. (Nani ananiona gizani?)

Karatasi ya juu ikatoka kijivu tupu. Nikachomoa ya katikati, nikaimulika kupitia negativu, nikaitumbukiza kwenye dawa. Halafu... shingo! Afro! Baba mkwe huyo, anatabasamu kabisa!

Nilipiga yowe! Nikasahau hata kuipitisha kwenye dawa ya kukazia, ile inayozuia picha isiharibiwe na mwanga. Nikasikia sauti ya Mama Neema uani. Nikachomoka mbio, picha juu: "Zimefanya kazi! Tazama!"

Uani alikuwepo mama mkwe. Kawahi! Na mdogo wake. Na katekista wao. (Huku kwetu hata kumpa mkono mama mkwe ni kesi.)

Wote wakageukia ukutani. Mimi nikadhani wamezidiwa na uchungu.

"Usilie, mama! Ni baba huyu!"

"Baba Neema," mke wangu akasema polepole, "suruali."

Mkononi sikuwa na kingine ila baba mkwe. Nikajifunika naye.

Mama Neema akanirushia kitenge. Nikajifunga, nikampa picha ampelekee mama yake. Jua lilishaimaliza. Nyeusi tii, kama sufuria ya kuni.

Mama mkwe akaigeuza huku na huku. "Ndiyo mzee wangu huyu?"

"Alikuwepo, mama. Sasa hivi tu alikuwepo."

"Hata mimi ndivyo ninavyowaambiaga watu," akasema. Kisha akacheka mpaka katekista akamletea maji. "Mwambieni arudie. Ila avae."

Negativu ni nzima, karatasi za katikati bado zipo, na mama mkwe kagoma kuondoka mpaka amwone mzee wake. Naingia tena bafuni na suti yangu ya harusi. Atakayecheka kwenye komenti, siku ya harusi yake atafute mpiga picha mwingine.