Chungu Kimoja, Kaya Nne

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimepata mpango wa kututoa. Kweli kabisa! Ile mingine yote ilikuwa mazoezi.

Asubuhi nilikuwa kibandani nachonga ufunguo wa mteja aliyejifungia nje, paka wake ndani. Akaja Kinyozi, wa kibanda cha pembeni, kujisifu. Alijisifu mpaka mteja akasema atauchukua ufunguo wake hivyo hivyo ulivyo. Ati ameingia kwenye mpango wa serikali wa Akiba ya Kaya. Kaya ikijiandikisha, serikali inaifungulia akaunti na kuiwekea kianzio. Kisha kaya inaweka chake kidogo kidogo mwaka mzima bila kukigusa, na serikali inaongeza kingine kama hicho hicho juu yake. Sharti ni kwamba fedha hizo ziende kwenye vifaa vya kazi, masomo au nyumba. Kinyozi kanunua kiti cha kunyolea kinachopanda na kushuka. Alikipandisha na kukishusha mbele yangu mpaka nikaona kizunguzungu, na aliyekaa kwenye kiti alikuwa yeye.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia mke wangu kwamba wenzetu wanatajirika, sisi tumelala. Akajibu bila kuinua uso kwenye cherehani kwamba aliyelala ni mimi. Yeye alishatuandikisha tangu mwaka jana, na jina langu kaliweka juu kabisa, mkuu wa kaya. Kumbe! Kila sare ya shule anayoshona, sehemu ya malipo inakwenda benki. Ijumaa afisa anakuja kutukagua, na akiridhika, cherehani ya umeme imepatikana. Hii ya kukanyaga imemmaliza magoti. Nikauliza mbona sikuambiwa. Akasema niliambiwa, nikaitikia, macho yangu yakiwa kwenye mpira.

Mtu wa mipango habishani, anasoma masharti. Nikasoma, isipokuwa maandishi madogo ya chini, mambo ya watoto na wazee, hayo niliyaruka. Na hapo katikati nikaliona: "Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja."

Chungu kimoja! Basi vyungu vinne ni kaya nne, na kaya nne ni vianzio vinne. Na humu ndani tumo wanne: mimi, mke wangu, binti yetu, na mama mkwe, ambaye nyumba ni yake na hakosi kutukumbusha. Tayari naliona bango langu jipya: FUNDI WA KUFULI NA FUNGUO, lenye taa zinazozunguka. Kinyozi atapofuka.

Jumanne, 3 Juni

Jambo limenikosesha raha tangu asubuhi. Sisi hatuna chungu. Tuna masufuria. Je, sufuria ni chungu mbele ya sheria? Nikamchokonoa Kinyozi kwa mbali, kana kwamba ni mazungumzo tu. Akasema kwamba yeye angekuwa serikali angetaka chungu chenyewe, cha udongo. Nikaona hapa si pa kubahatisha. Nikafunga kibanda mapema nikaenda kwa muuza vyungu, nikanunua vinne. Cha tano nikachukua cha akiba, maana huu ni mpango wa akiba.

Mama mkwe aliponiona naingia na mzigo ule aliuliza nani kafariki.

Nikawakalisha sebuleni nikatangaza kwamba kuanzia leo, kila mtu na chungu chake. Binti akauliza kama na vyombo kila mtu ataosha vyake. Nikasema ndiyo, akapiga makofi. Mama mkwe akasema yeye kwa umri wake haanzi kupika upya, na akachukua chungu chake akaenda nacho chumbani, sijui cha nini. Mke wangu alinitazama muda mrefu. Kisha akasema sawa.

Sawa! Hakuongeza neno. Ndiyo raha ya kuoa mwanamke mwelewa.

Jumatano, 4 Juni

Nimepika maharage. Chungu kikapasuka. Maharage yakazima jiko, jiko likanifukizia moshi, nikatoka nje nalia machozi, na Kinyozi alikuwa anapita. Akanipa pole ya msiba.

Nikahamia chungu cha tano. (Akiba hiyo! Nani alicheka?) Chakula kikaiva upande mmoja na kuwa chungu ajabu. Chungu kutoka chunguni, sawasawa na jina lake. Nilikula vijiko kadhaa kwa ajili ya taifa.

Nilikuwa nimetundika pazia katikati ya jiko ili kaya zisichanganyike. Upande wa pili nikawasikia mke wangu, mama mkwe na binti wanakula pamoja, wanacheka. Mama mkwe alikuwa anamwigiza mtu anayetoka kwenye moshi. Sikujua kwamba pazia jembamba vile linaweza kumweka mtu mbali hivyo. Nilijisikia mpweke, nasema kweli, mpaka nikapitisha mkono chini ya pazia kuonja mchuzi. Mama mkwe akanipiga na mwiko. Akasema kaya ya watu haidokolewi.

Na wale wawili hawana nidhamu. Mama mkwe kapanda maua kwenye chungu chake. Binti kajaza vitana na vibanio vya nywele. Nimewasihi Ijumaa wavibandike motoni hata kwa maji matupu. Binti akasema vibanio vyake ni vya plastiki.

Alhamisi, 5 Juni

Njaa. Mchana Kinyozi akanikaribisha chakula. Sahani ilikuwa inatoa mvuke, mate yananijaa, mkono umeshanyooka, mara nikashtuka. Nikila chungu cha Kinyozi si nitakuwa kaya ya Kinyozi? Mtego huo! Nikamwambia nimeshiba. Tumbo langu likamjibu lingine, kwa sauti.

Jioni mke wangu alisimamisha cherehani akaniita nikae. Aliniuliza kama najua kwamba afisa akinusa uongo anafuta kaya nzima, na akiba haipati nyongeza. Mwaka wote ule wa kushona, alisema, ameshona akiwa anaiona mbele yake ile cherehani ya umeme. Akayasugua magoti yake, si kwa kunionyesha, ndivyo anavyofanya siku hizi kila akisimama. Nikamwuliza basi kesho atasema nini. Akasema yeye hasemi uongo. Yeye atapika chungu chake, na anayekula atakula.

Roho iliniuma. Nusura niling'oe lile pazia. Kisha nikazikumbuka zile taa za bango, zinazozunguka.

Ijumaa, 6 Juni

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, historia isije ikapotoshwa.

Afisa alikuja wakati wa chakula cha mchana. Mama wa makamo, viatu vya kutembea, hana haraka. Nikampokea mlangoni nikamkaribisha kwenye kaya zetu nne. Akasema kwenye orodha yake ipo moja. Nikasema aje ajionee.

Akafunua chungu cha kwanza. Maua. Akamwuliza mama mkwe hapa kinapikwa nini. Mama mkwe akasema ni zawadi kutoka kwa mkwe wake, na kwamba chakula anakula kwa binti yake, yeye na mjukuu, tangu zamani. Akafunua cha pili. Vitana. Binti akajiziba mdomo. Cha tatu kilikuwa cha mke wangu, kinachemka taratibu, na harufu yake ikanisogeza hatua moja. Cha nne ni changu. Viazi, vibichi juu, makaa chini. Afisa alikitazama kwa huruma.

Akaniuliza mimi nakula wapi. Nikatunisha kifua: hapa, chungu changu mwenyewe, kaya yangu mwenyewe! Akamgeukia mke wangu kuuliza kama ni kweli. Mke wangu akasema ni kweli kabisa, tangu Jumanne huyu bwana hajatia mkono kwenye chungu cha mkewe. Mama mkwe akasema ametia, lakini alipigwa.

Afisa akaandika kaya mbili. Mbili! Si nne, lakini ni mwanzo. Nikaanza kumweleza habari za bango. Akainua kalamu akaniuliza kaya yangu inalea mtoto gani.

Nikamtazama binti, akasogea kwa mama yake.

Akauliza inamtunza mzee yupi. Nikamnyooshea mama mkwe kidole. Mama mkwe akasema nisimnyooshee kidole, yeye anatunzwa na binti yake. Ndipo afisa akanisomea yale maandishi madogo ya chini, polepole. Mpango huu ni wa kaya zenye mtu wa kulea au wa kutunza, ili zijijenge, zisiyumbe kila likitokea la kutokea. Mtu mzima mmoja mwenye afya na chungu chake, hongera yake, lakini hayumo. Jina langu lilikuwa juu kabisa kwenye orodha, mkuu wa kaya. Akalipiga mstari. Juu yake akaandika la mke wangu.

Nikamwambia basi anirudishe, lilikuwa jambo la pazia tu, nalishusha sasa hivi. Akaweka kalamu mezani. Akasema kwa upole, tena akiniita baba, kwamba nifikiri kabla ya kujibu. Kama tunakula pamoja, ina maana amedanganywa leo humu ndani, na atafuta kaya nzima. Kama hatuli pamoja, mama huyu anapata nyongeza yake leo hii. Akauliza: tunakula pamoja au hatuli?

Wote wakanitazama. Mikono ya mke wangu ilikuwa magotini.

Nikasema hatuli. Nikasema mimi ni kaya mbali.

Afisa akagonga mhuri. Mke wangu akainama akajifuta macho kwa kanga, na mimi nikajifanya nashughulikia viazi vyangu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeitafakari jana. Naona wazi kwamba nilijitoa mhanga, na kwamba ndiyo ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Nilimweleza hivyo mke wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akashusha pazia, akalikunja, akasema litatosha sketi mbili za sare. Akaniwekea sahani akanikaribisha. Afisa, kumbe, alimwambia akiwa anaondoka kwamba orodha inaweza kubadilishwa mwakani, mkuu wa kaya akipenda, na kwamba kumlisha mgeni hakujakatazwa popote.

Kwa hiyo mimi ni mgeni. Nilikula sahani mbili. Mama mkwe akasema wageni wa siku hizi hawana aibu.

Jumatano, 18 Juni

Cherehani ya umeme imefika! Inanguruma. Mke wangu anaigusa na kidole cha mguu tu, suruali nzima imekwisha. Anakaa kinyume na zamani, kaegemea, miguu kainyoosha. Amepokea oda ya shule ya pili, na akaunti ya masomo ya binti imeanza kutajwa humu ndani wakati wa chakula. Nilisimama mlangoni nikaangalia muda mrefu. Nilifurahi.

Halafu nikaona kwamba cherehani hiyo haina bango.

Jumapili, 22 Juni

Habari kubwa! Kinyozi kaisikia redioni. Serikali inaleta mpango mwingine, wa kuwasaidia wapangaji wa muda mrefu wapate kianzio cha kununua nyumba zao wenyewe. Mtoto si lazima. Mzee si lazima. Hata mtu mmoja, kaya mbali, anakubalika! Kinachotakiwa ni mwenye nyumba athibitishe kwamba wewe ni mpangaji.

Mpangaji! Nani mtaa huu amepanga kuliko mimi? Maisha yangu yote napanga! Tena nimo kwenye orodha ya serikali, kwa mhuri, kwamba mimi ni wa peke yangu katika nyumba ya mama mkwe. Walidhani wamenifuta. Wamenitengenezea njia.

Nikaenda mbio kwa mama mkwe, alikuwa anamwagilia chungu chake. Nikamwomba aniandikie mkataba kwamba nimepanga kwake upande wa kushoto wa kitanda, pamoja na kigoda kimoja. Nilitegemea matusi. Lakini akaniambia mkwe wangu, hilo ni jambo la heri, akamwita binti alete miwani, akaandika papo hapo. Ataweka sahihi mara tu nitakapolipa kodi ya nyuma, tangu siku ya harusi.

Wala sijatishika. Nimeshayasoma masharti yote, isipokuwa maandishi madogo ya chini. Na hili neno kodi, nikiliangalia vizuri, naona lina maana mbili.